Saikolojia changanuzi: Nani anafunzwa, nani anasimamiwa, na mkazi wa Same aulize nini kabla ya kulipa

Siku hizi ukishika simu hukosi tangazo la mtu anayejiita mwanasaikolojia, mshauri nasaha au mtaalamu wa tiba ya mazungumzo. Mkazi wa Same mjini, Hedaru au kule juu Mamba Miamba anaweza kumtumia hela kwa simu na usiku huohuo akaanza kumsimulia siri za nyumba yake.

Swali ni moja: mtu huyo alifundishwa na nani, na akikosea anamjibu nani?

Fani ya saikolojia changanuzi imebishania swali hilo kwa zaidi ya miaka 100. Yaliyotokea huko yanamfaa hata mtu ambaye hatawahi kulala kwenye kochi la mtaalamu.

Saikolojia changanuzi ni nini?

Ni tiba ya mazungumzo iliyoanzishwa na daktari Sigmund Freud mjini Vienna, Austria, mwishoni mwa karne ya 19. Msingi wake ni kwamba mambo mengi yanayomsumbua mtu yamejificha ndani yake mwenyewe bila yeye kujua. Mtu huongea chochote kinachomjia kichwani, zikiwemo ndoto, na mtaalamu humsaidia kuona yaliyofichika.

Wengi waliosoma Kiswahili chuo kikuu wamekutana na Freud darasani kama nadharia ya kuhakiki riwaya. Kama tiba, watu wachache sana Afrika Mashariki wamewahi kuiona.

Chama cha kwanza: 1910

Mwaka 1910, katika mkutano uliofanyika Nuremberg, Ujerumani, wafuasi wa Freud waliunda chama cha kimataifa kinachojulikana hadi leo kama IPA. Rais wake wa kwanza alikuwa Carl Gustav Jung, daktari kutoka Uswisi.

Freud alitaka chama kwa sababu ileile inayomsumbua mtu wa Same leo. Kila mtu angeweza kujiita mtaalamu, na madhara yakitokea lawama ingeangukia fani nzima.

Umoja haukudumu. Jung aligombana na Freud na kuondoka, na mwaka 1955 wafuasi wa Jung wakaunda chama chao cha kimataifa. Ufaransa nako, Jacques Lacan alinyimwa nafasi ya kufundisha ndani ya mfumo wa IPA mwaka 1963. Mwaka uliofuata alianzisha shule yake Paris, na mwaka 1980 akaivunja mwenyewe.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "mimi ni mwanachama wa chama cha kimataifa", muulize ni kipi. Viko vingi, na havifanani.

Mafiga matatu ya mafunzo

Mwaka 1920, Max Eitingon na wenzake walifungua kliniki Berlin iliyowahudumia pia watu wasio na uwezo wa kulipa. Hapo ndipo ulipopatikana utaratibu wa mafunzo unaofuatwa hadi leo. Una mafiga matatu, na ukiondoa moja chungu kinamwagika:

- Mwanafunzi achanganuliwe kwanza. Anakaa upande wa mgonjwa kwa miaka kadhaa, mara 3 hadi 5 kwa wiki.
- Asimamiwe. Akianza kuona watu wake wa kwanza, anakutana mara kwa mara na mkongwe anayepitia kazi yake.
- Asome. Kuna semina za nadharia, pamoja na kujadili kesi na wenzake.

Ndiyo maana mafunzo haya huchukua miaka mingi, na hufanyika baada ya mtu kuwa tayari na shahada au taaluma nyingine.

Wazo la kwanza halitamshangaza Mpare. Katika milima ya Upare kuna misitu iliyohifadhiwa kimila kwa sababu ndimo vijana walimofundwa. Mafundisho hayo hayakupatikana kwa kusoma peke yako. Ulipita mwenyewe, mbele ya waliopita kabla yako, na aliyekufunda naye alikuwa amefundwa. Tofauti ni kwamba mwanafunzi wa saikolojia changanuzi hupita peke yake na mtu mmoja, si na rika lake.

Je, lazima awe daktari?

Hili ndilo lililoleta ugomvi mkubwa. Mwaka 1926 Theodor Reik, ambaye hakuwa daktari, alishtakiwa Vienna kwa kutibu watu bila sifa. Freud alimtetea kwa kuandika kitabu kizima. Hoja yake ilikuwa kwamba daktari asiye na mafunzo ya fani hii ni hatari kuliko mtu asiye daktari aliyefunzwa vizuri.

Marekani haikukubali. Kwa miongo mingi chama kikuu cha huko kiliwafungulia mlango madaktari, na wanasaikolojia wengi wakabaki nje. Mwaka 1985 wanasaikolojia walikwenda mahakamani, na mwishoni mwa miaka ya 1980 mlango ukafunguliwa.

Funzo lake ni kwamba cheo cha "daktari" peke yake hakithibitishi kwamba mtu amefunzwa tiba ya mazungumzo. Na kukosa cheo hicho hakumaanishi kwamba hakufunzwa.

Ilifika Afrika?

Jung mwenyewe alifika. Mwaka 1925 alishuka Mombasa, akapanda treni hadi Nairobi, kisha akaenda kukaa miguuni mwa Mlima Elgon akiwauliza wenyeji kuhusu ndoto zao kwa Kiswahili cha kubabaisha. Alirudi Ulaya kupitia Uganda na mto Nile mwaka 1926. Hakuacha shule wala mwanafunzi.

Afrika Kusini ndiko fani ilikoota mizizi. Wulf Sachs, daktari aliyehamia huko kutoka Ulaya, alifanya kazi hiyo Johannesburg, na mwaka 1937 alitoa kitabu cha *Black Hamlet* kuhusu mazungumzo yake na mganga wa jadi aliyetoka Zimbabwe ya leo. Hadi sasa Afrika Kusini ina chama chenye uhusiano na IPA. Tanzania, Kenya na Uganda hazina chama cha namna hiyo.

Kwa hiyo mtu wa Upare anayejitangaza kuwa mtaalamu wa saikolojia changanuzi lazima awe alifunzwa mahali fulani nje, ana kwa ana au kwa mtandao. Kumuuliza ni wapi si utovu wa adabu.

Tanzania: nani anafundisha?

Huduma za akili hapa nchini zilianza zamani, na kituo cha mwanzo hakiko mbali na Same. Ukishuka barabara kuu kwa kupitia Makanya, Hedaru na Mombo, unafika wilaya ya Korogwe. Huko, juu kwenye milima ya Usambara, iko Lutindi. Kilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, kisha mwanzoni mwa karne ya 20 kikawa hospitali ya akili. Mirembe ya Dodoma ilifunguliwa mwaka 1927.

Kwa mafunzo, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, MUHAS, kinafundisha madaktari bingwa wa akili na shahada ya uzamili ya saikolojia tiba. Dodoma kuna chuo cha uuguzi cha Mirembe. Kwa watu wa Same, hospitali kubwa ya rufaa iliyo karibu ni KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, takriban kilomita 100 kwa barabara ya lami.

Kwa mtu wa Chome au Vudee, hizo ni kilomita za ziada baada ya kuteremka mlima. Na tiba ya mazungumzo haiishi kwa safari moja. Nauli ya kila wiki humshinda mtu kabla ugonjwa haujamshinda, na ndiyo maana wengi huangukia kwenye simu.

Sheria inasemaje?

Kenya ilitunga sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia mwaka 2014, yenye bodi yake ya kusajili na kuadhibu.

Tanzania ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, inayohusu zaidi matunzo ya mgonjwa, namna ya kumlaza na ulinzi wa haki zake. Daktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na muuguzi na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Hata mganga wa tiba asili ana baraza lake, kwa sheria ya mwaka 2002.

Pia kuna vyama vya hiari, kama chama cha wanasaikolojia, TAPA. Chama husaidia kuleta pamoja wanataaluma na kuweka maadili, lakini kadi ya uanachama si leseni. Chama kinaweza kumfukuza mwanachama, lakini kuzuia mtu kufanya kazi kisheria ni jambo la baraza lenye nguvu hiyo.

Tatizo la mahali padogo

Mjini Dar es Salaam unaweza kukutana na mshauri wako mara moja kwa wiki na usimwone tena. Kijijini Upare, mshauri anaweza kuwa shemeji yako, mzee wa kanisa lako au mwalimu wa mwanao. Same ni makao ya Dayosisi ya Pare ya KKKT na ya Jimbo Katoliki la Same, na watu wengi humwendea kwanza mchungaji, padri au sheikh. Si vibaya. Wengi wao ni wasikivu na hawatozi kitu.

Lakini vyama vya taaluma vina kanuni ambayo ukoo hauna: usimtibu ndugu yako, rafiki yako wala mdeni wako. Sababu ni wazi. Mke anayetaka kusema kuwa anapigwa hawezi kusema yote kwa mtu atakayekaa meza moja na mumewe msibani Jumamosi.

Jambo la pili ni lugha. Vyuo vinafundisha kwa Kiingereza, ila maumivu huongelewa kwa Kiswahili au Chasu. Mshauri mzuri hatakusahihisha unavyoeleza. Atakuuliza maana yake.

Maswali 6 ya kuuliza kabla hujalipa

1. Ulisoma wapi, kozi gani, kwa muda gani?
2. Umesajiliwa na baraza gani, na namba yako ni ipi?
3. Nani anakusimamia kazi yako sasa hivi?
4. Siri zangu unazihifadhi vipi, na ni lini utalazimika kuzitoa?
5. Nikitaka kulalamika, niende wapi?
6. Hali yangu ikizidi uwezo wako, utanipeleka hospitali gani?

Aliyefunzwa kweli huyajibu bila kununa. Swali la 3 ndilo linalowanasa wengi, kwa sababu asiye na msimamizi hufanya kazi gizani.

Ukiona haya, kaa chonjo

- Anakuahidi kupona kwa siku kadhaa.
- Anakuambia uache dawa za hospitali bila kuongea na daktari wako.
- Anatumia stori za wateja wake kujitangaza, hata kama ameficha majina.
- Anataka uhusiano wa kimapenzi, mkopo au biashara na wewe.
- Anakukataza kuongea na mtu mwingine yeyote.

Mtu akiongea kuhusu kujiua, akiona au kusikia visivyokuwepo, au akikaa siku kadhaa bila kulala wala kula, usisubiri miadi ya simu. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Wilaya ya Same, na umweleze mhudumu kilichotokea bila kuficha. Kwa suala la mtoto, namba 116 ni ya bure nchi nzima.