Kilichofichwa Hakijapotea

Mkulima wa chai katika nchi ya Kericho na Bomet ni mtu wa hesabu. Kila siku ya kuchuma huyapeleka majani yake katika kituo cha kununulia, huyatazama yakipimwa, na hupewa risiti ya kilo zake. Kila mwezi hupokea malipo ya kwanza, na mwaka wa chai ukiisha hungojea bonasi. Asiyeweka hesabu yake mwenyewe hana neno la kusema siku ile hesabu ya wengine isipolingana na jasho lake. Makampuni makubwa, Brooke Bond na James Finlay, yalianzisha mashamba yao Kericho katika miaka ya 1920. Wakulima wadogo walipata chombo chao mwaka 1964, serikali ilipounda KTDA, ambayo tangu mwaka 2000 ni mali ya wakulima wenyewe kwa njia ya viwanda vyao. Tangu hapo risiti ya kilo ni karatasi ya heshima katika nyumba ya mkulima.

Hapo zamani hesabu iliwekwa katika daftari, na daftari likawekwa katika sanduku. Siku hizi, katika baadhi ya nyumba za Litein, Kapkatet, Mogogosiek na kwingineko, kompyuta imechukua mahali pa sanduku. Ndani yake mna hesabu ya kilo za miaka mingi, nakala ya hati ya shamba, barua za chama, na picha za wazee waliokwisha kufariki. Kwa hiyo kompyuta ikiugua, haiugui mashine peke yake, bali kumbukumbu ya nyumba nzima.

Basi, msomaji, tuseme umerudi nyumbani kwa likizo, na mzazi wako akuita. Alikwenda saiba kuchapisha barua, akarudi na flashi yake, akaitia katika kompyuta ya nyumbani. Tangu siku ile, kila flashi aitiayo haionyeshi tena folda zake kama zilivyokuwa. Mahali pake pana njia za mkato, yaani vile vialama vyenye mshale mdogo pembeni. Amemwuliza jirani, naye amemwambia kwamba dawa ni moja tu, yaani kufuta vyote na kuanza upya. Sasa akutazama wewe, kwa kuwa wewe ndiwe uliyesoma. Utamjibu nini? Usijibu upesi. Jambo hili limekwisha kuwapata wengine kabla yako, na historia yao yaweza kukuongoza.

Kirusi cha kompyuta si mdudu, wala si uchawi. Ni programu, yaani maagizo yaliyoandikwa na mtu, yenye uwezo wa kujinakili yenyewe kutoka mahali hata mahali. Mwaka 1949 John von Neumann, mtaalamu wa hesabu aliyezaliwa Hungaria na kuhamia Marekani, alifundisha kwamba yamkini mashine iweze kutengeneza mashine mfano wake. Wakati ule jambo hilo lilikuwa fikira tu. Mwaka 1971 Bob Thomas, fundi wa Marekani, aliandika programu iliyoitwa Creeper, nayo ilihama kutoka kompyuta moja hata nyingine katika mtandao wa ARPANET. Haikudhuru kitu, bali ilitoa maneno machache tu kwenye mashine ilikofika. Mwenzake, Ray Tomlinson, aliandika programu ya pili, Reaper, iifuate ya kwanza na kuifuta. Waona, basi, kwamba ugonjwa na dawa ni karibu pacha.

Mwaka 1982 mwanafunzi wa Marekani, Richard Skrenta, aliyekuwa na umri wa miaka 15, aliandika kirusi kilichoitwa Elk Cloner. Kilisafiri katika disketi ambazo vijana walipeana, na disketi yenye kirusi ikitumiwa mara ya 50 kilionyesha shairi fupi la mzaha. Mwaka uliofuata Fred Cohen, mwanafunzi wa chuo kikuu huko California, alionyesha mbele ya watu jinsi programu ya namna hii inavyoenea, na mwalimu wake, Leonard Adleman, akapendekeza iitwe virusi. Mwaka 1986 ndugu wawili wenye duka la kompyuta mjini Lahore, Pakistani, walitoa kirusi kilichoitwa Brain. Walisema nia yao ilikuwa kuwazuia watu wasinakili programu zao bila ruhusa, na ndani yake waliandika majina yao na anwani ya duka lao. Lakini kirusi kikaenda mbali kuliko walivyokusudia, kikafika hata vyuo vikuu vya Marekani. Brain kilikuwa na hila ambayo yafaa uikumbuke. Mtu alipochungulia mahali kilipojificha, kilimwonyesha kitu kingine, naye akaondoka akidhani hapana neno.

Sasa tufike katika kisa kitufaacho zaidi. Mwezi Desemba 1989 disketi zipatazo 20,000 zilitumwa kwa posta kwa watu wa nchi mbalimbali, wakiwamo watu waliohudhuria mkutano wa kimataifa juu ya UKIMWI. Disketi ilijitangaza kuwa na habari za ugonjwa huo, na kwa kweli ilikuwa nazo. Lakini pamoja na habari hizo iliingiza katika kompyuta programu ya pili, ambayo ilihesabu kimya kimya kila mara kompyuta ilipowashwa. Hesabu ilipokaribia 90, programu ile iliyageuza majina ya faili yasisomeke, ikazificha folda, na kioo kikadai dola 189 zipelekwe kwa sanduku la posta huko Panama. Mafundi hawakuiita kirusi, maana haikujinakili. Waliiita Trojani, yaani zawadi ambayo adui amejificha ndani yake. Aliyeshitakiwa kwa kosa hilo ni Joseph Popp, Mmarekani, mtaalamu wa elimu ya viumbe aliyewahi kufanya kazi hapa Kenya. Alikamatwa akapelekwa Uingereza, lakini hakuhukumiwa, kwa kuwa alionekana hana akili timamu ya kusimama kizimbani.

Zingatia vitendo vya waliopatwa. Wengine walishikwa na hofu, wakafuta kila kitu kilichokuwa katika kompyuta zao. Iliripotiwa kwamba shirika moja huko Italia lilipoteza kwa namna hiyo kazi ya miaka 10. Wengine walizizima mashine zao wakangoja. Muda si mrefu Jim Bates wa Uingereza aliichunguza programu ile, akagundua kwamba majina ya faili yamebadilishwa lakini yaliyomo hayakuguswa. Akaandika programu ya kuiondoa na ya kurudisha majina yale. Waliongoja walirudishiwa mali yao. Waliofuta walipotewa, na aliyewapoteza hakuwa yule mwovu, bali mikono yao wenyewe.

Miaka ilipita, na disketi ikarithiwa na flashi. Katika nchi yetu intaneti ilikuwa ghali na ya polepole mpaka mwaka 2009, nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa. Mahali ambapo intaneti ni adimu, watu hupelekeana kazi zao kwa mkono, na programu za kinga hukaa bila kuhuishwa, kama askari asiyejua sura ya mwizi mpya. Mwishoni mwa mwaka 2008 kirusi kilichoitwa Conficker kilienea ulimwenguni, na mojawapo ya njia zake ilikuwa flashi, kwa kuwa Windows za wakati ule ziliweza kuanzisha programu iliyomo mara tu flashi ilipotiwa. Mwezi Februari 2011 kampuni ya Microsoft ilisambaza badiliko la kuufunga mlango huo. Waovu wakazidi kutegemea mkono wa mwenye nyumba. Ndiyo maana ya zile njia za mkato alizoziona mzazi wako.

Hila yake ni hii. Kirusi huzificha folda za kweli, kisha huweka mahali pake njia za mkato zenye majina yale yale. Mtu akibofya, folda hufunguka kama kawaida, naye hashuku kitu. Lakini kwa kubofya kule ameianzisha programu ya siri, nayo hujipanda katika kompyuta na kungojea flashi nyingine. Folda zimo humo humo. Hazikufutwa, zimefichwa, kama zilivyofichwa zile za mwaka 1989. Kwa hiyo yule jirani aliyesema vifutwe vyote ametoa shauri lile lile lililoliangamiza lile shirika la Italia.

Watu wa chai wana ugonjwa unaofanana na huu. Kuna kuvu iitwayo Armillaria, ambayo hukaa katika visiki na mizizi ya miti ya msitu wa zamani, na hupita chini ya ardhi toka mzizi hata mzizi mpaka katika michai. Mkulima akikata mchai uliokauka na kuiacha mizizi, hajatibu kitu, kwani mwakani utakauka mchai wa jirani yake. Hapana budi kuchimba mizizi yote na kuiondoa shambani. Hali kadhalika, anayefuta njia za mkato katika flashi na kuiacha programu iliyomo katika kompyuta amekata majani akaacha mizizi.

Basi fanya kazi yako kwa taratibu. Kwanza ichomoe flashi, wala usibofye njia ya mkato hata moja. Anza na kompyuta, kwa sababu ndiko mizizi iliko. Ihuishe programu ya kinga, maana ya mwaka jana haitakutosha. Windows 10 na 11 zina kinga yake zenyewe, pamoja na ukaguzi ufanywao kabla Windows haijaamka, wakati ambapo kirusi hakiwezi kujitetea. Agiza ukaguzi wa kompyuta nzima, hata ukichukua saa nyingi. Ukiisha kusafika, tia flashi, uikague nayo bila kuifungua. Ndipo uzitoe folda mafichoni. Fungua dirisha la amri, uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ikiwa E ndiyo herufi ya flashi ile. Angalia sana herufi hiyo, usiitumie amri hii kwa C, ambako Windows yenyewe hukaa. Folda zikionekana, futa njia za mkato, unakili hati zote katika chombo kingine kilicho safi, kisha ujaribu kwa flashi tupu. Ikitoka vile vile ilivyoingia, kazi imekwisha. Mwisho, nywila za barua pepe na za benki zibadilishwe kwa kutumia chombo kingine.

Lakini sitaki nikudanganye kwamba subira hurudisha kila kitu. Virusi vya siku hizi vidaivyo fidia havifichi majina tu, bali huyageuza yaliyomo kwa ufunguo alio nao mwovu peke yake. Tarehe 12 Mei 2017 kimojawapo, WannaCry, kilienea katika nchi zaidi ya 150 na kutatiza hospitali nyingi za Uingereza. Mbele ya adui wa namna hiyo, aliyeokoka ni yule aliyekuwa na nakala mahali pengine. Kwa hiyo siku ya kuponya ndiyo siku ya kuanza desturi ya kuweka nakala. Mwisho wa kila mwezi, hesabu ya kilo ikiisha kuandikwa, inakiliwe katika diski isiyokaa imeunganishwa na kompyuta.

Yamebaki mambo ya ulimi. Utapaswa kumwuliza mzazi wako ni flashi ipi, ilitoka wapi, na alibofya nini. Maswali haya yaweza kuulizwa kama daktari aulizavyo, au kama askari aulizavyo. Kumbuka kwamba waliotia disketi ile ya mwaka 1989 katika mashine zao walikuwa watu wenye elimu, madaktari wakiwamo, na waliona kioo kikiwadai fedha. Aliyetegwa hakutegwa kwa ujinga, bali kwa kuamini. Mzazi wako aliamini flashi kwa kuwa alikuwa na barua ya kuchapisha na safari ya kurudi nyumbani kabla ya mvua. Ukimcheka, siku nyingine atanyamaza, atabofya tena na tena akijaribu kuficha aibu, na kirusi kitapata nafasi. Wazee walisema kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Nasi tuongeze kwamba aghalabu mgonjwa huficha kwa kuogopa dhihaka ya mganga.

Keti karibu naye, basi. Sema, "Baba, tusifute kitu kwanza, tutazame pamoja." Mwache yeye ashike kipanya, wewe umwonyeshe njia, ili akiona mshale mdogo pembeni mwa folda siku nyingine ajue maana yake. Yeye alikufundisha kuchuma majani mawili na chipukizi bila kuuvunja mchai, wala hakukucheka ulipochuma majani magumu. Deni hilo lalipwa kwa subira, na kompyuta ya nyumbani ni mahali pazuri pa kuanza kulilipa.