Kutoka Lubugo hadi Mivumba: Historia ya Nguo na Taka Chini ya Kilima cha Old Kampala

Uchumi wa mzunguko, yaani mfumo wa kutumia, kukarabati na kutumia tena badala ya kutupa, huzungumzwa kana kwamba ni fikra ngeni Afrika Mashariki. Historia ya Kampala inakanusha dhana hiyo.

Kabla ya Lugard kujenga ngome juu ya kilima cha Old Kampala mwezi Desemba 1890, Waganda walikuwa na lubugo, nguo itokanayo na gome la mti wa mutuba. Gome hubanduliwa, shina likafunikwa kwa majani ya mgomba, na gome jipya likaota. Mti mmoja huvunwa kwa miaka mingi. Tangu miaka ya 1840, misafara ya pwani ilileta vitambaa vya pamba, na polepole lubugo ikabaki vazi la sherehe na maziko.

Leo, bondeni chini ya kilima hicho, soko la Owino ni kitovu cha mitumba, ambayo Waganda huiita mivumba. Neno mtumba lenyewe, likimaanisha robota, linafichua kiini cha biashara: mchuuzi hununua robota likiwa limefungwa. Akilifungua, nguo nzuri hurudisha mtaji, yenye kasoro hupelekwa kwa fundi cherehani, na isiyofaa huwa taka. Hivyo hasara ya nguo iliyochakaa ng'ambo humwangukia mchuuzi na jiji lake.

Sera hazikuugusa mzigo huo. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikusudia kuondoa mitumba kufikia 2019. Marekani ilipotishia upendeleo wa AGOA, Uganda, Kenya na Tanzania zililegeza msimamo. Rwanda iliyoshikilia ilisimamishiwa upendeleo wa mavazi mwaka 2018. Agosti 2023 Rais Museveni alitangaza tena marufuku. Hoja kuu ilibaki viwanda na ushuru. Taka zilikuwa pembeni.

Kampuni ya Buzigahill ya mbunifu Bobby Kolade imegeuza njia hiyo: hushona mitumba upya Kampala na kuiuza katika nchi ilikotoka. Hata hivyo, ufundi wa kugeuza nguo ulikuwapo Owino kabla yake. Sera yenye manufaa ingedai nguo zichambuliwe kabla ya kusafirishwa, iwatoze wazalishaji gharama za taka, na iwatambue mafundi cherehani. Marufuku pekee ingeondoa robota pamoja na mikono inayoliokoa.