Jeshi la wafu, upakaji rangi wa
Ni sanaa ya kutia rangi vijisanamu vya mifupa, maiti na mizuka, vilivyosubiwa kwa madini au plastiki, vitumiwavyo katika michezo ya vita ya mezani, ambayo mwandishi Mwingereza H. G. Wells aliitungia kanuni katika kitabu chake Little Wars cha mwaka 1913.

Katika kipimo cha milimita 6, yaani takriban sehemu moja katika 300 ya umbo halisi, uso hauonekani. Kwa hiyo fundi stadi hajishughulishi na macho wala vidole, bali hupaka safu nzima rangi nyeusi, kisha hupitisha juu juu brashi iliyofutwa ikakaribia kukauka, yenye rangi ya pembe, ili mbavu na mafuvu yang'ae, hali mianya ikibaki gizani. Bendera za rangi kali ndizo zipambanuazo vikosi, maana mifupa mitupu, ikitazamwa kwa mbali, ni changarawe tu.

Si kila mzuka ufaao jeshini: Waluo wa Migori na Homa Bay, nchini Kenya, humjua jachien, mzuka wa marehemu arejeaye kuwasumbua jamaa zake. Lakini huyo hana jemadari, na kumpanga safuni ni kupotosha tabia yake. Lenye manufaa zaidi kwa fundi, kama kielelezo cha ngome ya mezani, ni Thimlich Ohinga, boma la Migori la mawe yaliyopangwa bila chokaa, lililoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2018: kuta zake, zenye kimo cha mita 1.5 hadi 4.5, katika kipimo hicho cha milimita 6 huwa milimita 5 hadi 15.