Klachi ya mafuta ikiingia upepo: namna ya kuutoa

Pikipiki nyingi za bodaboda utakazoziona Kondele au soko la Kibuye mjini Kisumu ni Boxer na TVS, na hizo klachi yake huvutwa kwa waya. Waya hauingii upepo. Ukilegea unakazwa, ukikatika unabadilishwa, yamekwisha. Basi fundi akikwambia klachi ya Boxer yako inataka kutolewa upepo, mshukuru na uende kwa fundi mwengine.

Klachi ya mafuta iko kwenye pikipiki kubwa, kama vile KTM na BMW nyingi, zile zinazopita Kisumu zikielekea Busia na kuvuka Uganda. Ni chache, na mafundi wanaozijua ni wachache vilevile. Kuitambua ni rahisi. Tazama mkono wa klachi upande wa kushoto wa usukani. Ukiona kikopo kidogo chenye kifuniko cha skrubu mbili, na mpira mnene unaoshuka hadi kwenye injini, hiyo ni ya mafuta.

Kazi yake ni hivi. Ukiminya mkono, pistoni ndogo huko juu husukuma mafuta, nayo mafuta husukuma pistoni nyengine ubavuni mwa injini, na hiyo ndiyo inayoachanisha sahani za klachi. Mafuta hayabonyei lakini upepo hubonyea. Tone la upepo likiingia, nguvu ya vidole vyako huishia kulibonyeza hilo tone, na klachi haiachii sawasawa. Utaona mkono umelegea, gia zinagoma au zinalia, na pikipiki inataka kwenda mbele hali umeminya klachi hadi mwisho. Katikati ya msongamano hiyo si kero tu, maana unaweza kumgonga aliye mbele yako.

Kabla hujafungua chochote, soma maandishi juu ya kifuniko cha kikopo. Hili watu hulipuuza sana, nalo ndilo linaloharibu vyombo. Kikiandikwa DOT 4, tia DOT 4. Lakini ziko klachi za Magura, kama zile za KTM nyingi za zamani, zinazotaka mafuta ya madini. Ukitia DOT humo, mipira ya ndani hufura na kuharibika, na ukitia mafuta ya madini kwenye mfumo wa DOT matokeo ni yale yale. Oili ya injini usiitie kamwe, hata kama ndiyo iliyo karibu.

Vifaa ni vichache: spana ya skrubu ya kutolea upepo (mara nyingi namba 8), bisibisi inayokaa barabara, chupa, chupa mpya ya mafuta na mpira mwembamba unaopenya mwanga. Mpira wa dripu kutoka duka la dawa unafaa sana. Funika tangi la petroli kwa kitambaa kilicholowa, kwa sababu mafuta ya DOT hula rangi.

Geuza usukani mpaka kikopo kikae sawa, kisafishe, ufungue kifuniko. Vika mpira kwenye ile skrubu ya chini, na ncha ya pili izame ndani ya mafuta kidogo chupani. Minya mkono wa klachi polepole mara tatu au nne, kisha ushikilie. Legeza skrubu robo mzunguko. Mafuta na mapovu yatatoka. Funga skrubu kwanza, ndipo uachilie mkono. Ukiachilia kabla ya kufunga, umevuta upepo upya. Rudia hadi yatoke mafuta matupu, na kila baada ya mara chache ongeza mafuta kikoponi. Kikikauka, unaanza upya. Skrubu usiikaze kwa nguvu za kufungia gurudumu, itakatikia humo humo.

Klachi zina ukaidi wake: upepo hupenda kupanda, nawe unaushusha chini. Ukigoma, tumia bomba la sindano lisilo sindano. Lijaze mafuta, litoe upepo wake, kisha sukuma kutoka chini kwenda juu, huku mwenzako akiangalia kikopo kisifurike. Mapovu madogo yaliyobaki huondoka mara nyingi ukiufunga mkono ukiwa umeminywa na kuuacha usiku kucha.

Usijaze kikopo hadi mdomoni. Sahani za klachi zikilika, mafuta ya kikopo hupanda, tofauti na breki ambayo mafuta yake hushuka.

Upepo ukirudi baada ya siku chache, pana panapovuja. Angalia wosha za shaba kwenye maungio, na mpira wa pistoni ya chini, ambayo mara nyingi iko jirani na mnyororo na hula tope lote. Anayepita tope jeusi la tambarare za Kano ataliona hilo mapema.

Sasa mwenye bodaboda asiseme hayamhusu. Boxer au TVS yenye breki ya diski mbele hutolewa upepo kwa njia hiyo hiyo, na huko hatari ni kubwa zaidi. Mafuta ya DOT hunywa unyevu wa hewa, na sisi wa Mombasa na wenzetu wa ziwani tunao unyevu wa kutosha. DOT 4 mpya huchemka si chini ya nyuzi 230. Ikinywa maji hushuka hadi 155 hivi. Ukiteremka Riat kuingia Kisumu na abiria wawili, breki ikashika moto, maji yale hugeuka mvuke, na mkono wa breki huja hadi kwenye mshikio bila kushika kitu. Badilisha mafuta hayo kila baada ya miaka miwili, na chupa iliyokaa wazi dukani usiinunue. Ukimaliza, minya breki pikipiki ikiwa imesimama. Isipokuwa ngumu kama jiwe, usipakie abiria.

Mafuta machafu yasimwagwe mtaroni, yataishia Ghuba ya Winam. Yatie kwenye chupa, uifunge, uyapeleke gereji wanakokusanya oili chafu.