Mwanga, Pazia na Hewa

Siku ya kuonyeshwa picha darasani, wanafunzi wote hukaza macho penye pazia. Ni wachache wanaogeuka kuitazama mashine. Lakini fahamu, msomaji, ya kuwa mwanga uwezao kulijaza pazia huzaa joto jingi, na joto lisipopewa njia huleta hasara. Somo hili wanadamu walilinunua kwa bei kubwa.

Tarehe 28 Desemba 1895, ndugu wawili wa Ufaransa, Auguste na Louis Lumière, waliwaonyesha watu wa Paris sinema kwa kiingilio. Miaka miwili haijatimia, tarehe 4 Mei 1897, moto ulizuka mjini humo katika soko la hisani lililojengwa kwa mbao na vitambaa. Taa ya mashine ya sinema ilitumia etha. Mvuke wake ukajaa mahali pale pa kubana, na kiberiti kilipowashwa ukalipuka. Watu zaidi ya 120 walikufa. Filamu za siku zile nazo zilikuwa rahisi sana kuwaka. Basi mwaka 1909 Uingereza ilitunga sheria, na kwa kanuni zake mashine ikatengewa chumba kisichoshika moto.

Afrika ya Mashariki ilipita njia nyingine. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Notcutt na Latham waliongoza jaribio la kutengeneza sinema za mafunzo kwa watu wa vijijini. Walitumia filamu nyembamba za milimeta 16, wakazichukua kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi jirani. Sauti ilitoka katika sahani za santuri. Pazia lilisimamishwa uwanjani, giza likangojewa, na upepo wa usiku ukawatosha watu na mashine pia. Magari ya sinema yaliyozunguka Kenya baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia yalifuata desturi iyo hiyo.

Lakini uwanja haufai mchana, na mvua ya alasiri, ambayo watu wa Kitale na Bungoma waijua vema, haimngojei mtu. Kwa hiyo picha ziliingia darasani, na hapo giza na hewa vikaanza kugombana. Ukifunga madirisha, picha yang'aa, lakini chini ya bati chumba chageuka tanuri. Ukiyafungua, hewa yaingia, na picha yafifia.

Bungoma iko juu ya bahari kwa meta 1,400 hivi, na joto lake ni wazi. Kitale, penye meta 1,900 hivi, pana baridi, na baridi hiyo hudanganya. Hewa ya huko ni nyepesi, nayo huchukua joto kidogo kutoka katika mashine. Ndiyo sababu projekta nyingi za leo zina mpango maalumu wa feni kwa mahali palipozidi meta 1,500.

Basi ukipewa kazi hii, ziba madirisha yaliyo karibu na pazia, uache wazi yale ya nyuma. Pazia liwe jeupe, lisilong'aa, na ukingo wake wa chini upite vichwa vya walioketi. Usiisukumize mashine ukutani, wala usiifunike matundu yake. Ukimaliza, ngoja feni isimame yenyewe ndipo ukate umeme. Wenzako watayakumbuka yale waliyoyaona penye pazia. Wewe kumbuka kilichokuwa nyuma yao.