Mfuko wa Harusi na Pakacha la Bibi: Kweli Tunayasaidia Mazingira?



Mdogo wetu anaolewa Mfungo Mosi, inshaallah. Juzi alitujia na wazo lake: kila mgeni wa kike aondoke na mfuko wa pamba, wenye jina lake na la mumewe mtarajiwa, tarehe ya harusi, na chini yake maneno ya kuhimiza watu watunze mazingira. Mifuko 300. "Hii si rambo," alituambia, "hii ni kitu cha kudumu."

Mmoja wetu akanyanyuka kimya kimya, akaenda stoo, akarudi na mifuko ya harusi tulizokwishahudhuria. Tukahesabu 17. Ya pamba 12, mitano ni ile mifuko mbadala inayofanana na kitambaa. Yote mizima, yote safi, na hakuna hata mmoja uliowahi kufika sokoni. Na nani atatia dagaa kwenye jina la bibi harusi wa watu?

Hapo ndipo tulipoanza kuulizana: hivi mfuko huu unasaidia nini hasa? Ili kujibu, ilibidi turudi nyuma kidogo.

Bibi zetu nao walikuwa na mfuko wa kutumia na kutupa. Ukiitwa pakacha. Kuti bichi la mnazi linasukwa muda si muda, linatiwa maembe, mashelisheli au samaki, likifika nyumbani kazi yake imekwisha. Linatupwa chini ya mnazi au linakauka na kuwashia moto. Halikumdhuru mtu, kwa sababu lilirudi ardhini lilikotoka.

Kwa safari za kila siku kulikuwa na kapu la ukili. Wanawake walikaa barazani jioni wakisuka ukili huku wakizungumza, kisha wakaushona kwa shazia ukawa kapu, mkeka au msala. Kapu moja likienda sokoni miaka na miaka. Mshikio ukikatika, ulishonwa mwengine. Hakuna aliyesema kwamba anaokoa dunia. Kapu lilikuwa kazi ya mikono na muda, na kitu cha namna hiyo hakitupwi ovyo.

Rambo ilitoka mbali. Mwaka 1965 kampuni ya Celloplast ya Sweden ilipata hataza ya mfuko wa plastiki wa kipande kimoja, uliobuniwa na mhandisi Sten Gustaf Thulin. La kushangaza ni kwamba, kwa maelezo ya mwanawe, Thulin hakukusudia mfuko wa kutupwa. Watu wakati huo walitumia mifuko ya karatasi, na miti ilikatwa kwa ajili hiyo. Yeye alitaka mfuko mwepesi, imara, wa kutumiwa tena na tena, na mwenyewe alizoea kutembea na mmoja ameukunja mfukoni. Yaani rambo nayo ilizaliwa kwa nia ya kuhifadhi mazingira!

Kilichoharibu mambo ni urahisi wake. Kitu kinachotolewa bure dukani hakihesabiwi kuwa ni mali. Tukafanya nacho kama tulivyofanya na pakacha, tukasahau kwamba pakacha linaoza na plastiki haiozi. Ikaziba mitaro, ikanasa kwenye miti, ikaingia baharini ambako kasa huidhani chakula.

Bangladesh walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuona hatari. Mafuriko makubwa ya mwaka 1988 na 1998 yalizidishwa na mifuko iliyoziba njia za maji, na mwaka 2002 wakaipiga marufuku mifuko myembamba. Zanzibar yetu ikafuata mwaka 2006, mapema kuliko majirani wengi. Rwanda mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Kwa watu wa visiwani, ambao takataka ya mtaroni ikipata mvua moja tu inakuwa ya baharini, marufuku ile ilikuwa na maana, na hadi leo tunaiunga mkono.

Lakini kuondoa kitu ni jambo moja, na kinachokuja badala yake ni jambo jengine. Mwaka 2011 Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulitoa utafiti uliopima mifuko kwa athari yake katika kuongeza joto la dunia, tangu malighafi hadi kutupwa. Walilinganisha kila mfuko na ule wa plastiki nyembamba uliotumika mara moja tu. Mfuko wa karatasi ulihitaji kutumika mara 3 ndipo ulingane nao. Mfuko mbadala, ambao ingawa unafanana na kitambaa nao ni plastiki ya polipropilini, mara 11. Mfuko wa pamba: mara 131.

Pamba ina gharama tusiyoiona dukani. Inataka maji mengi, mara nyingi inataka dawa za wadudu, kisha isokotwe, ifumwe na isafirishwe. Wenzetu wa Uzbekistan na Kazakhstan wanaijua gharama hiyo vizuri. Tangu miaka ya 1960 serikali ya Kisovieti ilichepusha maji ya mito ya Amu Darya na Syr Darya kumwagilia mashamba, mengi yakiwa ya pamba. Bahari ya Aral iliyotegemea mito hiyo ikaanza kukauka, na kufika mwaka 2007 ilikuwa imebaki karibu asilimia 10 ya ukubwa wake wa zamani. Moynaq, uliokuwa mji wa wavuvi, leo una mabaki ya meli yaliyokaa juu ya mchanga.

Hatusemi kwamba rambo irudi, la hasha. Utafiti ule ulipima joto la dunia. Haukupima kasa wala mtaro ulioziba, na sisi wa visiwani tunavihitaji vyote viwili. Tunachosema ni kwamba mfuko wa pamba ni mzuri kwa anayeutumia. Ukienda nao sokoni mara mbili kwa wiki, mara 131 zinatimia kwa mwaka mmoja na robo. Hilo linawezekana kabisa. Lakini ile 12 ya stoo ingetuchukua miaka 15! Na mfuko unaokaa stoo haujamzuilia mtu rambo hata moja.

Dini yetu ina jina la jambo hili: israfu. Katika Suratul-A'raf, aya ya 31, Mwenyezi Mungu anaturuhusu mapambo, anaturuhusu kula na kunywa, na hapo hapo anatukataza kupita kiasi. Bibi harusi hakukatazwa kupendeza wala kukirimu. Swali ni kama kile anachotoa kitamfaa aliyepewa.

Tulimwambia mdogo wetu yote haya, naye akanuna siku mbili. Hatumlaumu. Harusi ni mara moja na kila mtu anapenda aache kumbukumbu. Siku ya tatu alikuja mwenyewe na hesabu: mara 131 kwa mifuko 300 ni safari 39,300 za sokoni. Akacheka. Oda ya mifuko imefutwa.

Wageni watapata halua na kahawa pale pale, kwenye sinia. Makapu ya ukili yameagizwa 40 tu, kwa ajili ya mama, mashangazi, makhaloo na majirani waliomlea, kwa sababu kapu la kusukwa kwa mkono lina bei yake na haki ya msukaji lazima itolewe. Hayataandikwa jina. Anayetaka kumkumbuka bibi harusi atamkumbuka akiwa sokoni, anapotia ndizi na muhogo.

Nawe dada, kabla ya kuagiza mfuko mpya wa kuhifadhi mazingira, fungua kwanza kabati lako uhesabu. Kisha chukua mmoja, hata kama una jina la harusi ya watu, ukanunulie samaki.