Kigeuza Umeme, Si Chaja

Jomvu Kuu, Mombasa, iwe ni harusi, maulidi au ibada ya Jumapili, kile kijisanduku cheusi cha kutia umeme kwenye kinanda kikipotea au kikiungua, anayetumwa dukani huulizia "chaja ya kinanda". Muuzaji humwelewa mara moja. Humtolea chaja kadhaa, wakazijaribu moja baada ya nyingine mpaka ikapatikana inayoingia tunduni, na biashara ikaisha. Jina hilo ndilo linalowapotosha wote wawili.

Kuchaji ni kujaza betri. Kinanda cha kawaida, miksa au kifaa cha mwangwi hakina betri ya kujazwa. Kinautumia umeme papo hapo unapoingia. Simu ndizo zilizotuzoesha kuazimana. Chaja za USB zote huanza na volti 5, na haziongezi mpaka simu yenyewe iombe, kwa hiyo ya jirani haidhuru. Kwenye vyombo vya muziki hakuna mapatano ya namna hiyo. Tundu la duara la milimita 5.5 linaweza kuwa la volti 9, 12 au 24, na plagi yake huingia bila kizuizi chochote.

Neno "adapta" limetusaidia kidogo tu, maana lina kazi mbili. Adapta pia ni kile kipande cha kuiwezesha plagi ya pini mbili bapa kuingia kwenye soketi yetu ya pini tatu. Hicho hubadilisha umbo la miguu, umeme wenyewe hakiugusi. Mtu aliyeletewa kinanda na ndugu yake wa Marekani hununua kipande hicho, akachomeka, na volti 240 za Kenya zikaingia kwenye kitu kilichotengenezewa volti 120. Moshi hautachelewa.

Mimi nashikilia "kigeuza umeme". Limeundwa kama kipaza sauti na kinasa sauti, maneno ambayo watu wa muziki wanayo tayari, na linaitaja kazi yenyewe. Tena linamlazimisha mnunuzi kuuliza: kinaugeuza umeme upi, uwe upi?

Jibu limeandikwa kwenye kibandiko. Mstari wa INPUT ni umeme wa ukutani: ukisoma 100–240V, kinafaa hapa, ukisoma 120V au 100V pekee, kiache. Mstari wa OUTPUT ndio wa kulinganisha na maandishi yaliyo karibu na tundu la chombo. Baada ya nambari ya volti huwa kuna alama. Kiwimbi ni mkondo geu, ule unaobadili mwelekeo mara nyingi kila sekunde. Mstari wenye vistari vitatu chini yake ni mkondo mnyoofu. Vigeuza umeme vingi hutoa mkondo mnyoofu, ila si vyote. Miksa ya Behringer Xenyx 802 ya toleo la awali, kwa mfano, hutaka mkondo geu kwa plagi ya matundu matatu.

Volti zilingane. Ampea, ambazo ndizo zinazotisha wengi, zinaruhusiwa kuzidi. Sufuria ya pilau ya watu mia haimlazimishi mgeni mmoja kula zaidi ya shibe yake: chombo kinachohitaji ampea 1 kitachukua hiyo 1 hata kigeuza umeme kiwe na uwezo wa ampea 3. Zikipungua ndipo kunapokuwa na tatizo, kwani kigeuza umeme hupata moto, volti hushuka, na kinanda hujizima katikati ya wimbo.

Kinachoua vyombo kimyakimya ni mkao wa ncha, yaani chanya iko katikati ya plagi au iko nje. Mchoro wake ni duara dogo lenye nukta, upande mmoja alama ya kujumlisha na upande wa pili ya kutoa. Vinanda vya Yamaha vya volti 12 huweka chanya katikati. Casio vya zamani vya volti 9, vilivyotumia kigeuza umeme cha AD-5, huweka hasi katikati. Vya baadaye vya volti 9.5 vikageuza. Basi hata ndani ya kampuni moja usikisie.

Yote hayo yakilingana bado kuna usalama wa mwili. Ndani ya kigeuza umeme chepesi, upande wa volti 240 na upande wa chombo hutenganishwa na transfoma ndogo na nafasi ya milimita kadhaa kwenye ubao. Kepasita inayovuka nafasi hiyo inapaswa kuwa ya aina maalumu, isiyopitisha umeme hata ikiharibika. Kiwango cha kimataifa IEC 62368-1 kinaeleza masharti hayo. Anayetengeneza cha bei ya kutupa huweka kepasita ya kawaida na kubana nafasi. Siku ikipasuka, umeme wa ukutani unaweza kufuata waya wa miksa hadi kwenye kipaza sauti cha chuma kilichoshikwa na mtoto wa madrasa. Kwa hilo sioni bei ya kuokoa. Tafuteni alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na nambari ya kibali inayoandamana nayo ithibitishwe kwa ujumbe mfupi kwenda 20023, kwani kuchapisha alama peke yake ni rahisi.

Kelele nayo ni dalili. Mvumo mzito na wa chini mara nyingi hutoka kwenye kigeuza umeme kizito cha transfoma ambacho kepasita zake zimechoka. Mluzi mwembamba hutoka kwenye chepesi kisicho na vichujio. Vile vizito vya zamani visivyodhibiti volti vina jambo jingine: kilichoandikwa 12 kinaweza kutoa 16 au 17 kikiwa hakijabebeshwa chombo. Kwa hiyo fundi akikipima kwa mita kabla ya kukiunganisha, asikitupe kwa nambari hiyo peke yake. Aangalie kwanza kibandiko na uzito. Ncha nyekundu ya mita iwe ndani ya plagi na nyeusi nje: mita ikionyesha alama ya kutoa, basi hasi ndiyo iliyo katikati.